Safari na harufu ya michungwa katika kazi ya mtunga manukato

Swali: Ndugu zangu, mtunga manukato aliyerudi safarini na kumbukumbu ya bustani ya michungwa huigeuzaje kuwa marashi, na kwa nini harufu hiyo hutoweka upesi?

Jibu la kwanza: Mfano ninaoupenda mno ni wa Johann Maria Farina, Mwitaliano aliyehamia Köln, Ujerumani, ambaye mwaka 1708 alimwandikia nduguye kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya Italia na maua ya michungwa baada ya mvua. Naamini umbali na kwao ndio uliomnolea kumbukumbu.

Jibu la pili: Harufu hutoweka kwa sababu limonini, kemikali yenye harufu iliyojaa katika mafuta ya maganda, huvukiza haraka, hivyo mtunga huitegemeza kwa harufu nzito kama ya msandali. Naongeza kwamba msafiri asinuse tunda pekee: mdanzi mmoja, yaani mti wa machungwa machungu, hutoa mafuta yaitwayo neroli kutoka kwenye maua, yaitwayo petigreni kutoka kwenye majani na vitawi, na mafuta machungu kutoka kwenye maganda, nazo ni harufu tatu tofauti.

Muuliza: Ahsanteni sana. Nitaanza na majani, ambayo sikuwahi kuyafikicha.