Wajukuu wa Muheza: paa la Bibi

Da Hawa, 07:02
Assalaam alaikum ndugu zangu. Masika hayatusubiri, bati za Bibi zinavuja mpaka jikoni. Kila mmoja 50,000, mwisho Ijumaa. Naomba majibu.

Salimu, 07:40
OK

Zuhura, 08:15
OK 👍

Baba Mdogo Rajabu, 09:30
Ok.

Da Hawa, 12:10
OK tatu, hela sifuri.

Idi wa London, 12:31
Usishangae dada, OK yenyewe ilizaliwa kwa utani. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post liliandika "o.k.", kifupi cha "oll korrect", yaani "all correct" iliyokosewa makusudi. Wahariri wa Boston walikuwa na mchezo huo, hata "all right" waliifanya "oll wright", kifupi "o.w."

Salimu, 12:33
Mi niliambiwa ni ya wanajeshi, "zero killed", yaani hakuna aliyeuawa

Idi wa London, 12:36
Ya vijiweni hiyo. Profesa Allen Walker Read alipekua magazeti ya zamani, miaka ya 1960 akaonyesha ilikotoka.

Da Hawa, 12:37
Idi, hamsini yako?

Idi wa London, 12:40
Nakuja huko. Vifupi vingi vya mchezo ule vilikufa, OK ikabebwa na uchaguzi wa 1840. Rais Martin Van Buren kwao Kinderhook, New York. Wapambe wakamwita Old Kinderhook, wakaanzisha OK Club.

Zuhura, 12:41
Akashinda?

Idi wa London, 12:41
Aligaragazwa na Harrison 😂

Zuhura, 12:42
OK ina mkosi 😂😂

Mama Mkubwa, 13:05
Chekeni tu. Mimi sitoi mpaka nijue saruji ya choo ilikwenda wapi.

Baba Mdogo Rajabu, 13:09
Shemeji, hayo tuliyamaliza.

Mama Mkubwa, 13:09
Mliyamaliza nyinyi.

Babu Athumani, 13:20
Dada yangu jana kalala na beseni miguuni. Nyinyi mko Boston.

Salimu, 16:48
Shikamoo Babu. Nimetuma 30, iliyobaki mwisho wa mwezi.

Zuhura, 16:55
Shikamoo Babu. Natuma jioni inshallah.

Idi wa London, 17:02
Shikamoo Babu. Nikitoka kazini natuma.

Da Hawa, 17:30
Ya Salimu imeingia. Unene wa bati, fundi anataka geji 28, Baba Mdogo anasema 30. Amueni.

Baba Mdogo Rajabu, 17:34
30 inatosha.

Mama Mkubwa, 17:35
Si ndiyo hiyo ya chooni?

Da Hawa, 17:51
Jamani geji ngapi? Fundi yuko dukani!

Salimu, 18:20
Achukue misumari kwanza