Kisiwa kinamkuza nyoka au kinamdumaza?

Kasa_Mdogo
Wakuu, naombeni msaada. Tumezoea kusikia kwamba wanyama wakubwa wakikaa kisiwani vizazi vingi hupungua mwili, na wadogo huongezeka mwili. Tembo wa kale wa Sicily walifikia kimo cha mita 1 hivi. Nikija kwa nyoka napotea. Huko Australia kuna nyoka wa sumu, Notechis scutatus. Walioko kisiwa cha Mount Chappell ni majitu, wapo wanaopita mita 1.5. Walioko kisiwa cha Roxby, wengi hata mita 1 hawafiki. Aina ni moja na wote ni wa visiwani. Imekuwaje?

Mshika_Gamba
Ndugu Kasa, swali zuri, ila umeanzia kwenye kisiwa. Anzia mdomoni.

Nimelea nyoka miaka 9, na bado nikimlisha mmoja naacha kila kitu nimtazame. Hatafuni, hana mkono wa kumega. Pande mbili za taya la chini hazikuungana kidevuni, zimeshikwa na kano inayovutika. Upande mmoja unasogea, meno yaliyopinda kwa ndani yananasa, kisha wa pili unafuata, kama mtu anayepandisha soksi mbichi mguuni. Mtihani ni mabega ya panya. Siku moja nilimpa panya aliyemzidi kidogo. Alihangaika karibu nusu saa, ngozi ya shingo imetanuka mpaka magamba yameachana, mwisho akamtema. Panya mzima, kalowa mate, na nyoka kabaki na njaa yake.

Sasa rudi Mount Chappell. Pale kuna ndege wa baharini wanaotaga ndani ya mashimo ardhini, ni wengi mno. Makinda yao hunona upesi, kwa hiyo nyoka ana wiki chache tu kwa mwaka za kula kabla hawajamzidi mdomo. Miezi mingine anaishi zaidi kwa mafuta aliyojiwekea. Mwenye mwili mkubwa anameza kinda nono, tena ana ghala kubwa la kumvusha. Roxby karamu hiyo haipo, nyoka wanategemea mijusi wadogo. Mwili mkubwa utaulisha nini?

Kasa_Mdogo
Nimekuelewa mkuu. Lakini si huenda wa Roxby wanashinda njaa tu? Wakilishwa vizuri hawatakua?

Mshika_Gamba
Una haki ya kuuliza. Jambo hilo limepimwa, japo kwa nyoka wengine: boa wa visiwa vidogo vya Belize, ambao ni wadogo kuliko wa bara. Scott Boback na mwenzake waliwalea watoto wa pande zote mbili katika mazingira yale yale. Wa visiwani walibaki wadogo. Udogo umeshaingia kwenye damu.

Lishe nayo ina sehemu yake. Fabien Aubret na Richard Shine waliwalisha watoto wa Notechis mawindo makubwa. Watoto wa visiwa ambavyo nyoka waliingia karibuni walirefusha taya kufuata chakula. Wa visiwa vilivyotengwa na bara zamani hawakuhitaji, maana huzaliwa na kichwa kikubwa tayari. Mimi hilo ndilo linalonishangaza kuliko urefu wa mita ngapi: kwanza mwili unajinyoosha kukifuata chakula, vizazi vikipita mtoto anatoka tumboni akiwa tayari.

Bahari_Kuu
Ongezeni kisiwa cha Ángel de la Guarda, Mexico. Kuna nyoka wa njuga wa aina mbili. Huko bara Crotalus ruber ndiye mkubwa, mwenzake mwenye madoadoa ni mdogo. Kisiwani wamebadilishana, na kisiwa ni kimoja!

Mshika_Gamba
Mfano safi, asante Bahari. Unaonyesha kwamba ukubwa wa kisiwa peke yake hautoshi kueleza. Japani pia, kwenye visiwa vya Izu, nyoka aina ya Elaphe quadrivirgata wa kisiwa cha Tadanae-jima ni majitu, na chakula chao ni mayai na makinda ya ndege wa baharini. Kasa, ukipata picha ya nyoka wa kisiwa chochote, kabla hujauliza ana mita ngapi, tafuta kwanza nani anataga pale na kwa mwezi gani.