Ushauri jamani: nimpeleke kijana Kakamega kwa mama yangu, au niache kazi?

MamaWawili, Free Area Nakuru

Wazazi wenzangu, hamjambo. Naomba mnisome hadi mwisho, halafu mniambie ukweli hata kama utauma.

Mimi ni karani wa stoo hapa Nakuru. Mshahara ni 40,000 kabla ya makato, na haujaongezwa tangu 2022. Januari 2023 nilikuwa napokea 34,600 na kitu. Sasa benki inaingiza 32,747. Baba watoto ni seremala: siku ikiwa njema anarudi na 800, siku nyingine anarudi na mikono mitupu. Tuna kijana wa kidato cha tatu, shule ya kutwa, na msichana wa miaka 3 anayebaki na dada wa kazi. Dada namlipa 7,000. Nyumba ni 9,500.

Hayo tumeyazoea. Kilichonivunja ni Jumanne iliyopita. Saa nne asubuhi mlinzi alikuja kuniambia kuna mtoto ananingoja getini. Kutoka, ni kijana wangu na sare yake, jasho linamtiririka, ametembea kutoka shule. Akavua kiatu, akatoa karatasi aliyoikunja ndogo sana akaificha kwenye soksi wenzake wasiione. Chakula 4,500, walimu wa BOM (wanaoajiriwa na bodi ya shule) 3,000, masomo ya ziada 2,000. Mwaka juzi tulilipa chakula tu, 3,000. Kisha akaniambia, "Mama, usichukue mkopo wa Fuliza tena. Mimi naweza kukaa nyumbani mpaka mwisho wa mwezi." Mtoto wa miaka 16. Nilirudi stoo nikahesabu magunia mara tatu, hesabu ikakataa.

Mama yangu yuko Kakamega, ameshapita miaka 70, anapata ile 2,000 ya Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee. Shule ya kutwa ya kule ni nafuu kidogo, na mboga ziko shambani. Nimefikiria kumhamishia kijana huko. Ama sivyo niache kazi, dada aende, nimlee huyu mdogo mwenyewe na nauli ibaki nyumbani. Mume wangu anasema tuamue pamoja, lakini naye jibu hana. Nisaidieni.

Fundi_Rongai

Usiache kazi. Mimi niliacha 2021 nikidhani nitapata nyingine. Bado natafuta.

KaraniMstaafu, Kisumu

Pole sana binti yangu. Nimefanya kazi ya mishahara miaka mingi, kwa hivyo acha nikupigie hesabu kabla ya kuamua jambo kubwa namna hiyo.

Januari 2023 mchango wako wa pensheni, NSSF, ulikuwa 200, sasa ni asilimia 6, kwako ni 2,400. Bima ya afya ya zamani, NHIF, ulikatwa 1,000. Tangu Oktoba 2024 bima mpya, SHA, inakata asilimia 2.75, yaani 1,100. Ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5 ni 600. Lakini tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo yote matatu yanaondolewa kwanza kabla ya kodi kupigwa, ndiyo maana PAYE yako, yaani kodi ya mshahara, imeshuka kutoka kama 4,170 hadi 3,153. Ukijumlisha, kilichotoka mfukoni mwako kila mwezi ni 1,880 hivi. Na sehemu kubwa yake ni NSSF, ambayo ni akiba yako ya uzeeni, ingawa najua akiba ya uzeeni hainunui unga leo.

Sasa tazama karatasi ya kijana: kutoka 3,000 hadi 9,500 kwa muhula. Hiyo nyongeza ya 6,500 ukiigawanya kwa miezi mitatu inaizidi hiyo 1,880. Kilichokuumiza zaidi hakiko kwenye pesilipu. Ni kile ambacho serikali ilikuwa ikilipa kwa niaba yako nawe hukioni, na sasa kimepungua. Kwenye nauli pia ni vivyo hivyo: ruzuku ya petroli iliondolewa Septemba 2022, kisha kodi ya VAT kwenye mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Ukiacha kazi, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachorudi. Utapoteza 32,747 ili kuokoa 7,000 na nauli.

Mwalimu_Bondeni

Naandika kama mwalimu na kama mzazi, na jambo hili linanikosesha usingizi.

Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa uliwekwa kuwa 22,244 kwa mwaka. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba kinachoweza kulipwa ni kama 16,900. Na hata hicho huja vipande vipande. Shule haina walimu wa kutosha kutoka TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, kwa hivyo bodi inaajiri vijana waliohitimu, na mshahara wao unatafutwa kwa mzazi. Sitetei karatasi ile. Nataka tu ujue ilikotoka, usije ukadhani mwalimu mkuu ameamka akaamua kukutesa.

Lakini shika hili kwa mikono miwili: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29. Shule ya umma haitozi karo ya masomo. Mchango mwingine unahitaji idhini ya waziri, unatolewa risiti, na mtoto hakatazwi kuingia darasani kwa sababu haujalipwa. Nenda shule mwenyewe, bila ugomvi. Peleka kidogo ulicho nacho, tengeneza mpango wa kulipa kwa mafungu na uuandike. Uliza masomo ya ziada yameidhinishwa na nani. Kisha chukua fomu ya basari ya NG-CDF, ule mfuko wa eneo bunge, mapema, maana wengi huenda siku ya mwisho bila sahihi ya chifu.

Nafula_Webuye

Dada, hapo kwa mama yako niruhusu niseme. Nilimpeleka wangu kwa mama mwaka juzi. Pesa ya wazee inaweza kukawia miezi, halafu ije kwa mkupuo. Wakati inakawia, mama haniambii. Nilikuja kujua nilipofika bila kutangaza nikakuta amepika gorogoro ya mwisho ya unga, amempakulia mjukuu sahani imejaa, yeye anakunywa chai ya rangi akisema hana njaa. Ile 2,000 ni dawa yake ya presha. Ukimpeleka kijana huko, itakuwa chakula cha kijana.

JiraniLanet

Mimi mtoto wangu namwacha kwa mama mmoja hapa mtaani anayelea watoto, 100 kwa siku, chakula napeleka. Siku 26 ni 2,600. Linganisha na 7,000. Ila nenda ukakae pale saa nzima kwanza, uone wanalala wapi na choo kikoje.

Nesi_Kisumu

Makato ya SHA yanakutoka kila mwezi, je, watoto na mume wameandikishwa chini yako? Bima ya EduAfya ya wanafunzi wa sekondari iliisha 2023, kwa hivyo kijana akivunjika mkono leo bima ya shule haipo. Piga *147# uone. Na homa za kawaida za mdogo, mpeleke zahanati au kituo cha afya cha serikali. Kule wagonjwa wasiolazwa hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Msinunue dawa kienyeji.

MamaWawili

Nimerudi, na asanteni kutoka moyoni. Nesi, nilipiga. Niko mimi peke yangu. Mwaka na zaidi nakatwa na watoto wangu hawamo! Nimepeleka vyeti vya kuzaliwa, wameingizwa, na baba yao pia.

Shuleni nilienda na 2,000. Mwalimu, nilisema kama ulivyonifundisha, taratibu. Mwalimu mkuu alinisikiliza, tukaandikiana mafungu manne, nikapewa risiti, na yale masomo ya ziada akasema tungoje mkutano wa wazazi. Kijana alirudi darasani siku hiyo hiyo. Fomu ya basari ina sahihi ya chifu. Nafula, ulichoandika nilimsomea mume wangu, na habari ya Kakamega imeisha. Nilimpigia mama nikamuuliza pesa yake imefika lini mara ya mwisho. Akanyamaza kwanza.

Kazi siachi. Kwa yule mama wa mtaani nimeenda mara mbili, ni pasafi. Kilichobaki ni kumwambia dada, naye pia ana mtoto kwao Butere anayemtumia pesa kila tarehe 5. Jana jioni nilimkuta anamfundisha msichana wangu kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Walikuwa wamefika 14. Nilipita nikaenda kusuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi.