MJADALA: Baba aruhusiwe kumbeba mtoto njiti kifuani, au aishie dirishani?

Mleta mada

Wadau, naomba hili tulijadili bila kejeli. Mke wa mdogo wangu kajifungua kwa upasuaji, mtoto wa kilo 1.4. Mama yuko chumba cha uangalizi, hata kugeuka hawezi. Mtoto kalazwa kwenye mashine moja ya joto (inkubeta) na kichanga mwenzake, kwa kuwa mashine hazitoshi. Mdogo wangu akaomba ambebe kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka mkewe apate nguvu. Jibu: "Baba, hii ni wodi ya kina mama. Rudi saa ya kuona wagonjwa."

Msimamo wangu ni kwamba aruhusiwe, tena kwa utaratibu ulioandikwa, isiwe hisani ya aliye zamu.

Mafuta ya kahawia, yale ambayo mwili wa kichanga huyachoma kupata joto, hujijenga zaidi wiki za mwisho za mimba. Njiti katoka kabla ya akiba hiyo kujaa. Ngozi yake nyembamba inapoteza joto haraka, na kutetemeka kama sisi hawezi. Joto likishuka chini ya nyuzi 36.5, nguvu ambayo ingemuongezea uzito inaishia kupigana na baridi. Kifua cha mtu mzima kinampa joto hilo bure, na naamini joto hilo linazaa mapenzi kati yao.

Na huu si mtindo wa nchi tajiri. Ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Dk. Edgar Rey Sanabria alikuwa na inkubeta chache na vichanga wanaoambukizana humo humo, akaanza kuwafunga vifuani mwa mama zao. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa vichanga zaidi ya 3,200 waliozaliwa na kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Waliobebwa mara tu baada ya kuzaliwa, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12. Waliosubiri kwanza hali yao itulie, asilimia 15.7. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema njiti abebwe saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa 8 hadi 24! Nani ataziweza peke yake, na mshono mbichi tumboni?

Muuguzi, wodi ya watoto

Mleta mada, sayansi yako naikubali, ndiyo kazi yangu. Ila njoo wodini kwetu saa tisa usiku. Vifua viko wazi, huyu anakamua maziwa kwenye kikombe, yule amelala na nguo ya damu. Juzi aliingia fundi wa taa tu, binti wa kitanda cha pembeni akajifunika kanga mpaka kidevuni, mtoto akabaki hewani nusu mgongo. Sasa mume wa mtu avue shati pale? Na wengine wanatoka moja kwa moja kwenye daladala.

Mzee wa Pangani

Mtoto anajua harufu ya mamaye na mapigo ya moyo wake. Baba apeleke uji na alipe bili, mapenzi yake yataonekana hapo. Haya ya ngozi kwa ngozi kwa wanaume ni kuiga tu.

Msomaji asiyeamini haraka

Mimi ngozi kwa ngozi sina shida nayo. Shida yangu ni hii hadithi kwamba joto linazaa mapenzi. Mwaka 2008 watafiti Lawrence Williams na John Bargh walitangaza Marekani kwamba aliyeshika kikombe cha kahawa ya moto anawaona wenzake kuwa wakarimu zaidi. Dunia ikashangilia. Christopher Chabris na wenzake wakarudia majaribio yale na watu wengi zaidi, hawakuona kitu. Tusije tukabadilisha kanuni za wodi kwa nadharia ya kahawa.

Mleta mada

Nianze na wa mwisho. Ya kahawa yameanguka, sina ubishi. Lakini kushika kikombe dakika chache ni jambo jingine kabisa na kumbeba mtoto wiki nzima huku unahesabu pumzi zake. Njiti wa Bogotá wa miaka ya 1990, waliobebwa na wasiobebwa, walifuatiliwa mpaka wakafika kama miaka 20, majibu yakachapishwa 2017: waliobebwa hawakuwa na ukorofi mwingi kama wenzao, na wazazi wao walikuwa karibu nao zaidi katika malezi. Sidhani ni nyuzi joto peke yake. Nadhani joto ndilo linalomlazimisha mtu mzima akae pale, na kule kukaa ndiko kunakomfunga kwa mtoto.

Mzee wangu, shikamoo. Kule Sweden mwaka 2007 waliwachukua watoto waliozaliwa kwa upasuaji, wengine wakawekwa kifuani kwa baba, wengine kitandani kwao. Wa kifuani hawakulia sana kama wa kitandani. Hao walitimiza miezi, si njiti, lakini hawakukikataa kifua kwa kuwa ni cha mwanaume. Na kupeleka uji hakumzuii mtu kubeba.

Dada muuguzi, hoja yako ya faragha ndiyo nzito kuliko zote hapa. Ya uchafu sioni inavyomhusu baba peke yake, hata bibi anapanda daladala. Kwa faragha napendekeza kona moja karibu na mlango, pazia, kiti cha kuegemea, na saa maalum.

Muuguzi, wodi ya watoto

Pazia lilikuwepo. Lilikwenda kufuliwa.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Na likizo je? Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 ilipotungwa ilimpa baba angalau siku 3. Huku Kenya, ile ya 2007 inatoa wiki mbili. Njiti anaweza kukaa wodini mwezi. Hata mkimfungulia mlango, bosi anamngoja.

Mleta mada

Kweli, ila wengi wa hao akina baba ni bodaboda na wachuuzi, hawana bosi wala likizo. Wao wakija wanapoteza riziki ya siku, na bado wanakuja. Wanarudishwa getini.

Muuguzi, wodi ya watoto

Haya. Leteni pazia na kiti. Nitaanza na yule ambaye mkewe yuko ICU, maana mtoto wake hana mwingine wa kumbeba usiku. Wengine wenye wake zao pale wasubiri tuone inakwendaje. Na akate kucha kabla hajaja.