Tupeane uzoefu: binti jasiri, wanyama wasemao, na mahali hadithi inapovunjika

Kalamu ya Mkaa

Wadau, uzi huu ni wa wanaotunga, kuhariri, kuchora na kusomea watoto hadithi za safari za ajabu: binti ndiye shujaa, na wanyama wanasema. Rika ni miaka 7 hadi 10. Tushike mfano mmoja ili tuelewane. Tatu, miaka 9, binti wa mvuvi wa Pemba. Kaka yake amegeuzwa komba, na mwezi ukiandama kabla hajarudishwa, atasahau kusema kama mtu. Basi, tuanzie hapo.

Kosa linaloua hadithi nyingi ni wanyama kumfanyia binti kazi. Tai anambeba kuvuka bahari, panya anakata kamba, simba anamtisha adui, Tatu yupo yupo tu akisema "asante". Jaladani ni shujaa, ndani ni abiria. Kipimo chake ni rahisi: shika kalamu nyekundu, futa kila sentensi ambayo Tatu anatenda jambo. Kisa kikifika mwisho bila hizo sentensi, shujaa ni mwingine.

Dawa si kuwafukuza wanyama. Kila mmoja ampe kitu kisichotosha. Popo anaijua njia, lakini njia yake ni ya angani. Kaa anaweza kukata kamba, lakini hasogei mpaka maji yajae. Pengo linalobaki alizibe Tatu kwa jambo alilojifunza nyumbani: kufunga fundo, kupiga kasia, kujua maji yanajaa saa ngapi. Na ujuzi huo uonekane ukurasa wa 3 au 4, akimsaidia baba yake kazi za kawaida. Ukiuleta siku ya hatari, mtoto atajua umemdanganya.

Neno "jasiri" msimulizi asilitamke. Mate yamkauke, miguu imfe ganzi, halafu apige hatua.

Mhariri Mkorofi

Dada Kalamu, hayo sawa, ila mswada mwingi hufa mapema zaidi, kwenye sarufi. Soma hii: "Tatu alimtazama komba. Aliogopa. Akamwambia amfuate." Nani aliogopa? Nani amfuate nani? Kiambishi a- kinambeba binti, komba, mfalme na mdudu, wote sawa. Mtunzi haoni tatizo kwa sababu picha anayo kichwani. Rudia jina bila haya, au tumia maneno yenyewe: "Nifuate," komba akasema. Wakishafika watatu kwenye tukio moja, kila msemaji apewe aya yake.

A- hiyohiyo haitaji jinsia. Jina la Tatu linajieleza kwa wengi wetu, lakini shujaa akiitwa Baraka au Bahati, wasikilizaji wengi watamwona mvulana hadi katikati ya kitabu, kisha wachanganyikiwe. Weka "binti", "dada" au "mwanangu wa kike" ndani ya mistari mitano ya kwanza. Upande wa pili ni zawadi: unaweza kumficha mkuu wa maadui kurasa 20 nzima, kisha ikajulikana kuwa ni bibi. Lugha zenye "yeye wa kiume" na "yeye wa kike" haziwezi kufanya hivyo bila kujikwaa.

Sasa ngeli, na hapa ndipo pa kuchezea. Shuleni tunafundisha kwamba kifaru ni huyu, si hiki, kwa kuwa ana uhai. Basi kitu kikipata uhai, sarufi yenyewe ndiyo iwe uchawi: "Kinyago kilikuwa kimelala mchangani. Kilikuwa kimepasuka sikio. Tatu akakigusa. Kinyago akafumbua jicho." Huhitaji radi wala moshi. Mtoto anasikia "akafumbua" na nywele zinamsimama. Sharti ni moja: kabla ya hapo usikosee hata mara moja. Ukiwa umeandika "kinyago alilala" huko nyuma, umeshaimwaga.

Yapo pia maneno yenye sura mbili. Tembo huyu ni mnyama, tembo hili ni la mgema. Kanga huyu ni ndege, kanga hii ni nguo. Tatu akiagizwa na mchawi "lete tembo", hilo ni fumbo tayari, na ufunguo wake umo ndani ya huyu na hili. (Pombe kwenye kitabu cha shule inaweza kuleta maswali kwa wakaguzi wa taasisi za mitaala, TET ya Tanzania au KICD ya Kenya. Kanga ni salama zaidi, na ina jina lake lililoandikwa pindoni, kwa hiyo nguo nayo inasema.)

Bint Mvita

Mhariri, ahsante, lakini nakuomba usiguse zimwi langu. Wahariri wengi hulisahihisha: "zimwi alikuja". Wazee hawakusema hivyo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Li- ndiyo inayotisha, maana inalitoa zimwi katika jamii ya wenye utu. Joka vilevile. Ukitaka msomaji alihurumie mwishoni, hapo libadilishe: "Zimwi likapiga magoti. Zimwi akalia." Lakini mara moja tu, na iwe umekusudia.

Jambo la pili ni kueleza kwa nini wanyama wanasema. Msieleze. Katika ngano za Unguja alizochapisha Edward Steere mwaka 1870, paa anamwambia maskini aliyemnunua kwamba atamtajirisha, na hakuna anayeuliza amejifunzia wapi kusema. Kinachotakiwa ni mpaka: nani anamsikia nani? Amua kabla ya ukurasa wa 5. Tatu peke yake? Watoto wote? Usiku tu? Ukishaamua, usivunje. Baba mtu akimjibu kasuku ukurasa wa 18 kwa sababu mtunzi amesahau, watoto ndio wa kwanza kulalamika.

Wimbo: mara tatu, maneno yaleyale, mstari wa mwisho ubadilike mara ya tatu. Mistari minne inatosha. Ikizidi sita, msomaji mzima anairuka na mtoto anakosa kuitikia. Na ukianza na "Paukwa!", acha nafasi tupu ya mstari mmoja kabla ya "Pakawa", msikilizaji aiwahi.

Heshima nayo isisahaulike. Tatu akikutana na kobe mwenye umri wa babu yake, ni "Shikamoo Bibi Kobe" kwanza, na "Marahaba, mjukuu wangu". Binti asiyeamkia wazee hawi jasiri machoni pa msomaji wa huku, anakuwa hana adabu. Labda umemfanya asahau salamu kwa makusudi, na kobe akakataa kumwonyesha njia mpaka aitoe. Hapo sawa.

Mlinzi wa Pori

Nisaidie upande wa wanyama, maana hapa watu hukopa kutoka hadithi za Ulaya bila kukagua mizigo. Mbwa mwitu wa theluji na dubu msituni Pemba! Hata simba, fisi na tembo hawako kisiwani humo porini. Ukimtaka simba, ama Tatu avuke kwenda bara, ama simba awe mgeni na wanyama wenyeji wamshangae. Mshangao huo peke yake ni sura nzima.

Komba yupo Pemba, na umechagua vizuri. Anatoka usiku, macho makubwa, anaruka mti hadi mti, analia kama mtoto mchanga. Hulowesha viganja na nyayo kwa mkojo wake mwenyewe. Kaka aliyekuwa nadhifu akijikuta anafanya hivyo, watoto watacheka hadi walale. Na msemo wa kulewa kama komba unatokana na tabia yake ya kuvamia vibuyu vya mgema.

Popo wa Pemba, yule mkubwa anayekula matunda, haoni kwa mwangwi. Anatumia macho na pua. Kumpa uwezo wa kusikia ukuta gizani ni kosa la kawaida sana. Huo ni wa popo wadogo wanaokula wadudu. Yeye mpe kipaji cha kunusa embe lililoiva kijiji cha pili.

Kasa ni wa baharini na hawezi kuingiza kichwa gambani. Kobe ni wa nchi kavu na anaweza. Wachoraji huwachanganya kila siku. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu walianzia kwa wanne walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, kwa hiyo kobe anayesimulia habari za zamani ana uzito wa kweli.

Mkitoka kwenda bara, msimfanye fisi mjinga kila mara. Fisi madoa majike ni wakubwa kuliko madume na ndio wanaotawala ukoo, na mtoto hurithi cheo cha mama yake. Mhariri, yule bibi uliyemficha kurasa 20 ndiye huyu.

Na kama mnataka mfano wa mnyama anayezungumza na mtu kweli, mtazameni mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye asali. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mguno, kama "brrr-hm", na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi kwa mluzi. Ndege analijua tundu lakini hawezi kulifungua, mtu ana shoka na moto lakini hajui tundu liko wapi. Ule ushauri wa Dada Kalamu wa kitu kisichotosha uko porini tayari.

Kalamu ya Mkaa

Mkuu, la mlembe nalichukua. Swali la haraka: bahari. Mwisho wangu ni mwezi kuandama. Maji yatakuwaje?

Mlinzi wa Pori

Bamvua. Mwezi mchanga na mwezi mpevu maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, hayajai wala hayapwi sana. Kwa hiyo usiku wa mwisho Tatu anaweza kutembea kwa miguu hadi kisiwa ambacho siku nyingine zote kinahitaji ngalawa. Ana saa kama sita kutoka kupwa kabisa hadi kujaa kabisa, lakini njia itafungwa mapema zaidi, mpe mbili. Na kila siku maji huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana. Binti wa mvuvi anaijua hesabu hiyo, mchawi wa bara haijui.

Mwalimu wa Darasa la Pili

Hongereni. Mimi ni upande wa mtoto anayesoma mwenyewe. Msihesabu maneno kwa ukurasa, hesabuni silabi. "Hawakumwogopesha" ni neno moja, lakini lina silabi saba: ha-wa-ku-mwo-go-pe-sha. Mtoto akifika "pe" ameshasahau "ha", na sentensi yote imegeuka kuwa ya kukubali. Kwa miaka 7, neno lisizidi silabi tano mara kwa mara, na sentensi isizidi maneno manane. Kwa miaka 9 na 10 legezeni kamba.

Usikate neno mwishoni mwa mstari kwa kistari. Neno refu lishuke lote. Kingo ya kulia ibaki haijanyooka, haidhuru kitu.

Ng' ichungwe kama mboni ya jicho. Alama hiyo hupotea watu wanapobadilisha alama za kunukuu kwa mkupuo mmoja kwenye kompyuta. Tatu alitakiwa ang'oe mhogo, sasa anaona ngoa, yaani wivu.

Tanakali za sauti ndizo zinazomfanya mtoto aliyechoka aendelee: akatumbukia chubwi, giza totoro, wakanyamaza jii, amelowa chapachapa. Lakini moja kwa kila kurasa pacha, yaani mbili zinazotazamana. Zikiwa nne zinakuwa kelele, na ile ya hatari haisikiki.

Chapa na Rangi

Wachoraji na wachapaji hamjaambiwa kitu, ngoja niseme kwa kifupi.

Kabla ya ukurasa wowote, chora karatasi ya wahusika: Tatu mbele, ubavu, nyuma, akikimbia, akiogopa, na kando yake kila mnyama kwa kipimo kimoja. Bila hiyo komba atakuwa kama paka ukurasa wa 6 na kama mbwa ukurasa wa 19. Akiwa amevaa kanga, amua imefungwaje. Iliyofungwa kifuani haikimbiliki. Ajifunge kibwebwe, na picha hiyo moja inasema alivyokaza nia kuliko aya nzima.

Kitabu cha pini ya katikati lazima kurasa zigawanyike kwa nne. Kilichozoeleka ni 32: ukitoa za mwanzo na ya mwisho, unabaki na kurasa pacha 14 za hadithi. Uso wa mtu usiwekwe kwenye mkunjo. Picha inayofika ukingoni iongezwe milimita 3 nje ya mstari wa kukata, na maandishi yabaki ndani angalau milimita 10. Ubora ni nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi wa kuchapwa, si baada ya kuvutwa.

Usiku ndio unaotesa. Buluu nzuri ya kioo cha kompyuta hugeuka zambarau mashineni, kwa sababu wino wa majenta umekaribia wino wa samawati. Majenta iwe chini ya samawati kwa asilimia 30 au zaidi. Na picha yote ya usiku ipandishwe mwanga kidogo kuliko unavyoona inafaa, maana karatasi hunywa wino. Komba mweusi kwenye giza jeusi ni ukurasa mtupu mlioulipia.

Kijana Mgeni

Shikamooni wakubwa. Hadithi yangu imeishia kurasa 30 kamili na sitaki kuongeza maneno. Nifanyeje?

Chapa na Rangi

Marahaba. Thelathini haigawanyiki kwa nne. Ama ushuke hadi 28, ama upande hadi 32 bila neno lolote: kurasa pacha moja, bahari imekupwa, Tatu mdogo katikati, nyayo zake nyuma, maji yanarudi pembeni. Iweke kabla tu hajafika kisiwani.

Mhariri Mkorofi

Na nyayo ziwe za watu wawili zikianza, halafu upande mmoja ziwe za komba. Usiandike chochote chini yake.