Karavani ya zamani, ninyooshe ekseli au nibadilishe?

Wakuu, niko Arusha, nimenunua karavani ya zamani (kile kinyumba cha kuvutwa na gari), sakafu imeoza mlangoni ukikanyaga inabonyea kama sponji, hiyo naiweza, shida ekseli (chuma kinachoshika magurudumu ya pande mbili) imepinda tairi zinalika upande wa ndani na nataka niipeleke familia Ziwa Natron.

> Kwanza ijaze maji, gesi, magodoro, kila kitu, ukaipime mizani. Ekseli ibebe zaidi ya huo uzito. Na fremu ikiwa imeliwa na kutu ekseli mpya ni kazi bure, naomba sana usiruke hapo.

> Usikubali kunyoosha kwa moto mkuu, chuma kinalegea. Mi nilifungia ekseli mpya mtaa wa Unga Limited hapo Arusha, yenye habu (sehemu gurudumu linapofungwa) zinazokubali rimu za Hilux yangu, pancha ikitokea Engaruka njiani kwenda Natron spea ya gari inaingia.

Asanteni kaka zangu, kesho nang'oa sakafu niione fremu yote.