Leipzig: kazini wananichangamkia, zamu ikiisha kila mtu na lake. Naombeni ushauri

Dada wa Zamu (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Nipo Leipzig, Ujerumani, mwaka wa kwanza wa mafunzo ya uuguzi, ile Ausbildung ya miaka 3. Kijerumani nimefika B2, yaani naongea vizuri. Wodini sina shida na mtu, tunataniana na mapumziko tunakula pamoja. Zamu ikiisha kila mmoja anashika baiskeli yake, kwaheri. Wameshaniambia "lazima tufanye kitu pamoja siku moja", na hiyo siku haifiki. Tafadhali msiniambie "jichanganye". Nataka kujua najichanganya wapi, lini na kwa euro ngapi, huku zamu zangu zinabadilika kila wiki. Nawasilisha.

Mlima Meru

Dada, mwaliko wa kweli kwa Mjerumani una tarehe, saa na mahali. "Siku moja" ni maneno ya kuagana tu. Ukiyasikia tena, taja siku wewe mwenyewe palepale, wala hutaonekana king'ang'anizi.

Kwa watu wa wodini saa nzuri ni baada ya zamu ya asubuhi. Mnatoka karibu saa 8 mchana, na saa 9 ndiyo saa yao ya kahawa na keki. Baada ya zamu ya jioni sahau, saa 3 na nusu usiku watu wanawaza kitanda. Alika mtu mmoja. Ukitupa mwaliko kwenye kundi la WhatsApp la wodi, kila mtu anamsubiri mwenzake ajibu na jambo linafia hapo. Taja siku iliyo mbele kwa wiki moja au mbili, na usiseme "twende leo", maana jioni yake huwa ameshaipanga. Ujumbe wenyewe uwe mfupi: "Hast du nächsten Donnerstag nach dem Frühdienst Zeit für einen Kaffee?", yaani Alhamisi ijayo baada ya zamu ya asubuhi una nafasi ya kahawa? Akisema hawezi ila akataja siku nyingine, endelea naye. Akisema hawezi na akaishia hapo, mwache kwa mwezi mmoja au miwili, mwalike mwingine.

Bili kila mtu analipa yake. Mhudumu akiuliza mnalipa pamoja au mbalimbali, jibu "getrennt", mbalimbali. Ukimlipia mtu kwa nguvu siku ya kwanza anajiona ana deni na anakosa raha. Akikununulia kahawa, safari ijayo nunua wewe, yameisha.

Fundi wa Connewitz

Kahawa ni mwanzo tu. Urafiki wa huku unakua kwa kukutana na watu walewale, mahali palepale, siku ileile ya wiki, kwa muda mrefu. Hilo unalipata kwenye Verein, yaani chama kilichosajiliwa. Kipo cha kila kitu: mpira wa wavu, kupanda miamba, kwaya, sataranji, bustani, na vijijini hata zimamoto wa kujitolea. Sheria inataka watu 7 tu kusajili kimoja, ndiyo maana vimejaa kila mtaa.

Unapotafuta mtandaoni andika mchezo, mtaa wako, na neno "Freizeit", yaani wa kujifurahisha. Bila neno hilo utaangukia timu ya ligi inayotaka mtu kila wikendi, na wewe wikendi huna. Ukikipata chama, waandikie barua pepe ya mistari mitatu: jina lako, kiwango chako cha mchezo (sema ukweli, wanaoanza kabisa wana siku yao), na ombi la Probetraining, mazoezi ya majaribio. Mara nyingi hayo ni bure mara moja hadi tatu. Usisaini fomu ya uanachama kabla ya kuyamaliza.

Beba viatu vya ndani vyenye soli isiyoacha alama. Ukifika na vile ulivyotembea navyo barabarani utakaa benchi ukitazama. Fika dakika 10 kabla, kwa sababu nguzo na wavu vinafungwa na wachezaji wenyewe, na hapo ndipo watu huongea. Mpira ukianza hakuna mazungumzo. Mazoezi yakiisha usikimbilie tramu. Uliza: "Geht ihr danach noch was trinken?", yaani mnaenda kunywa kitu baadaye? Hunywi pombe? Agiza Apfelschorle, juisi ya tufaha na maji ya gesi, hakuna atakayekuhoji.

Ada ya mtu mzima mara nyingi ni kati ya euro 10 na 25 kwa mwezi, na walio kwenye Ausbildung kwa kawaida hupunguziwa, uliza "Ermäßigung". Pesa hukatwa benki moja kwa moja, nyingine kila mwezi, nyingine kwa miezi 6 kwa mkupuo. Hapa wageni wengi hukwama: siku ya makato akaunti ikiwa tupu, benki inarudisha, na gharama ya kurudisha unabebeshwa wewe. Soma pia kifungu cha kujitoa kwenye katiba ya chama. Vingi vinakubali kujitoa mwisho wa nusu mwaka au mwisho wa mwaka tu, kwa maandishi, wiki kadhaa kabla. Kuacha kwenda siyo kujitoa, wataendelea kukata.

Likija tangazo la watu wa kusaidia, kupanga viti siku ya mashindano au kuuza keki, jiandikishe. Saa mbili za kuosha vikombe na mtu zinazidi mazoezi ya miezi mitatu. Gym za biashara nisingekushauri kwa lengo hili. Kila mtu ameziba masikio na muziki wake.

Dada wa Zamu

Fundi, asante sana. Kuna kwaya nimeipenda, ila wanafanya mazoezi Jumanne tu saa 1 na nusu usiku, na mara nyingi Jumanne niko zamu ya jioni. Si watanichoka?

Nesi Mkongwe

Hawachoki na mtu anayekosa, wanachoka na mtu anayekosa kimya. Siku ya kwanza mwambie kiongozi wa kwaya kwamba unafanya kazi za zamu, kisha kila ukikosa tuma ujumbe kabla ya saa 6 mchana siku hiyo. Mazoezi ya kawaida utasamehewa. Yale ya mwisho kabla ya onyesho, hasa Generalprobe, yale ya kupitia onyesho zima, usikose hata moja, kwa hiyo tarehe za maonyesho zidai mapema na uziombee siku.

Sasa ratiba. Wodi nyingi zina daftari au mfumo wa maombi, na hufungwa kabla ratiba ya mwezi unaofuata haijaanza kupangwa. Muulize anayepanga tarehe ya kufunga ni lini. Usiombe off, omba Jumanne mbili za mwezi ziwe zamu ya asubuhi. Anayepanga hapungukiwi mtu, kwa hiyo ni rahisi kwake kukubali. Ukiomba Jumanne zote nne utapewa sifuri.

Halafu kuna jambo wengi hawaliwazii: wiki za shule. Kwenye Ausbildung kuna vipindi vya darasani mfululizo, na wiki hizo jioni zote ni zako. Anza chama kipya mwanzo wa kipindi hicho. Ukihudhuria wiki nne au tano mfululizo watu wanakushika jina, na ukirudi wodini ukaanza kukosa kosa wanakuulizia. Ukianza wiki ya zamu, unaonekana leo, unapotea wiki tatu, unarudi mgeni tena.

Kozi za Volkshochschule, chuo cha jiji cha watu wazima, nazo ni nzuri. Mihula huanza mwisho wa baridi na Septemba. Chagua kozi ya wiki 8 au zaidi. Ya Jumamosi moja utapika pasta na watu wema usiowaona tena. Ningekuwa wewe ningelenga Septemba, maana Desemba jua linazama saa 10 jioni na hamu ya kutoka inaisha kabisa.

Simu za nyumbani usiziache zikaja ovyo. Tofauti na Afrika Mashariki ni saa 2 majira ya baridi na saa 1 ya joto, kwa hiyo jioni yao ndiyo jioni yako. Wape ndugu siku maalumu. Vinginevyo kila saa 1 usiku utakuwa Mbagala kwa sauti na Leipzig kwa mwili.

Pwani Tupu

Dadangu, mimi naongeza ya sherehe, maana hapo watu huteleza. Huku mwenye siku ya kuzaliwa ndiye analeta keki kazini, hangojei kuletewa. Na usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe, hata jioni ya kuamkia. Wanaamini inaleta nuksi.

Yako ikifika, peleka maandazi. Kwa wodi ya watu 15 wa zamu mbili, 40 madogo yanatosha. Sambusa zigawe, za nyama chombo kimoja, za mboga kingine, kwani wasiokula nyama ni wengi. Weka karatasi yenye viungo vya mzio: ngano, mayai, maziwa, karanga, ufuta. Juu yake andika "Bedient euch!", yaani jihudumieni, uache mezani chumba cha mapumziko. Usizunguke ukimlisha mtu mmoja mmoja, wanaona haya.

Majirani nao usiwasahau. Kubali kuwapokelea mizigo ya posta. Atakayekuja kuchukua atagonga mlango wako, na hiyo ndiyo hodi ya huku. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi kimya, na Jumapili kutwa nzima usitoboe ukuta wala kutupa chupa kwenye pipa la vioo.

Mzee wa Usharika

Binti, kama wewe ni Mlutheri una njia ya mkato ambayo wengine hawana. Misioni ya Leipzig ilituma watu Kilimanjaro tangu 1893, na hadi leo sharika kadhaa za Sachsen, jimbo lenye Leipzig, zina uhusiano na sharika za KKKT. Nenda ofisi ya usharika wa mtaani kwako uulize kama wana "Partnerschaft" na Tanzania. Wakiwa nayo, kuna kundi linalokutana, na humo kuna wazee walioshafika Moshi au Mwika na wana hamu ya kuongea Kiswahili chao cha kubahatisha. Miji nayo ina udugu kama huo, Würzburg na Mwanza tangu 1966, Hamburg na Dar es Salaam tangu 2010, ukihamia huko ukumbuke.

Ila weka mpaka mapema. Watakuomba uimbe, upike pilau, ueleze Afrika nzima. Kubali mara moja, ya pili waambie unapenda kuja kama mshiriki wa kawaida.

Kama si mtu wa kanisa, Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wanatafuta wa kuongea naye. Pangeni saa moja kwa wiki, nusu saa Kijerumani, nusu saa Kiswahili, na mpime kwa saa ya simu. Msipopima, lugha ya mwenye nguvu inameza yote na mmoja anaacha kuja.

Kaka wa Michango

Mnamwelekeza kwa Wajerumani tu. Siku ukiugua au ukifiwa, anayekuletea uji ni Mswahili mwenzako. Tafuta kundi la Watanzania au Waafrika Mashariki wa hapo mjini, nenda hata mara moja kwa mwezi. Tatizo la makundi haya ni michango: harusi, msiba, kitchen party, kila wiki kuna orodha. Posho ya Ausbildung haihimili. Jiwekee kiasi cha mwezi, mfano euro 15, misiba kwanza, ikiisha unaandika "nipo nanyi kwa sala" bila maelezo. Na mkopo wa mtu uliyemjua kwenye WhatsApp usitoe.

Mlima Meru

Nakubaliana na Kaka. Niongeze kidogo kuhusu ubaguzi, maana yupo atakayeuliza. Kwenye mazoezi ya majaribio ya chama tazama kama kuna mtu anakuelekeza bila kuombwa, na utani wa rangi ukitokea, nani ananyamaza na nani anakemea. Mara mbili zikiwa mbaya, hama. Vyama viko vingi. Likitokea jambo zito, kazini au kwenye nyumba, Antidiskriminierungsbüro Sachsen, shirika la kupinga ubaguzi, ina ofisi Leipzig na ushauri wao ni bure. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na mashahidi siku ileile.

Dada wa Zamu

Jamani, Mungu awabariki. Nimetaja tarehe kama Mlima Meru alivyosema, na mwenzangu wa wodi amenialika yeye Jumapili saa 10 jioni, wanachoma nyama kwenye bustani yao ya chama. Kasema kila mtu alete nyama yake. Mwaliko gani huo? Nibebe nini hasa?

Pwani Tupu

Huo ni mwaliko mzuri sana, bustani ni kama sebule yao. Nunua Jumamosi, Jumapili maduka yamefungwa. Beba nyama yako vipande 2 au 3, iliyokwisha lowekwa viungo, kwenye chombo chenye mfuniko. Kama huli nguruwe, beba trei ya foili uchomee juu yake, usielezee sana. Muulize kwa ujumbe "Soll ich einen Salat mitbringen?", yaani nilete saladi?, akikubali peleka kachumbari. Kwa watu 8, nyanya 8, vitunguu 3 vilivyooshwa kwa chumvi vikasuuzwa, tango 1, ndimu 2. Pilipili kando, siyo ndani. Chumvi na ndimu tia hukohuko dakika 10 kabla ya kula, ukitia nyumbani itafika supu.

Fika saa 10 kamili au saa 10 na dakika 5. Ukichelewa zaidi ya dakika 10, tuma ujumbe ungali kwenye tramu. Jitolee kukusanya sahani, na bakuli lako ondoka nalo au uulize kama walihifadhi mabaki. Kuaga unaaga mmoja mmoja. Kesho yake zamuni, mshukuru, halafu umwambie na wewe unapika pilau lini.